Kioo, Makaa na Meli: Historia ya Kukuza Mimea-Mitungi Ndani ya Masanduku ya Kioo, Ikitazamwa Kutoka Bariadi

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari katika mji wa Bariadi huufahamu mmea-mtungi kwa njia moja tu, nayo ni mchoro. Katika mada ya lishe ya mimea, baada ya maelezo marefu ya usanisinuru, hutokea picha ndogo ya jani lililojikunja mfano wa mtungi wa maji, lenye kifuniko juu na mdudu ukingoni. Mwalimu hueleza kwa dakika chache kwamba ipo mimea inayonasa na kumeng'enya wadudu, kisha somo huendelea. Mwandishi wa makala haya alifundishwa hivyo, na kwa miaka kadhaa aliuweka mmea huo katika fungu moja na mazimwi ya hadithi za bibi, yaani vitu vinavyosimuliwa lakini visivyo na mahali.

Mahali pake papo, tena si mbali sana na pwani yetu. Zaidi ya hayo, mmea huo una historia ndefu ya kukuzwa ndani ya nyumba, katika masanduku ya kioo, na watu walioishi katika nchi zenye baridi na giza. Makala haya yanachunguza swali moja linalotokana na hali hiyo: kwa nini mmea wa kitropiki ulizoeleka katika kumbi za London katika karne ya 19, ilhali haukupata kuzoeleka katika mji wa kitropiki kama Bariadi, ulioko takribani nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta? Jibu linalotolewa upesi ni hali ya hewa: Usukuma ni kukavu mno. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo halitoshi, kwa kuwa hali ya hewa ya London ni adui mkubwa zaidi wa mmea huo kuliko ukavu wa Bariadi. Jibu lenye uzito linapatikana katika historia ya kioo, makaa ya mawe na meli, na katika yale yaliyotakiwa kutoka kila sehemu ya Afrika Mashariki.

Mmea na makazi yake

Mimea-mitungi ya kitropiki ni ya jenasi Nepenthes, yenye spishi zaidi ya 150. Wingi wake uko Borneo, Sumatra na Ufilipino. Upande wa magharibi, jenasi hiyo inakomea katika visiwa vya Bahari ya Hindi: Nepenthes madagascariensis na Nepenthes masoala huota Madagaska, na Nepenthes pervillei huota juu ya vilele vya mawe vya Mahé na Silhouette katika Shelisheli. Katika bara la Afrika leo hakuna spishi ya Nepenthes inayoota porini.

Mtungi wake si ua, bali ni sehemu ya jani. Ncha ya jani hurefuka kuwa kikonyo chembamba kinachojisokota, na mwisho wa kikonyo hicho huvimba chombo chenye majimaji. Ukingo wake hutoa utamu na huteleza sana unapolowa. Mdudu akiteleza huanguka katika majimaji yenye vimeng'enya, na nitrojeni yake hufyonzwa na mmea. Sababu ya mpango huo ni umaskini wa udongo. Mkulima wa Usukuma anayelima karanga na mihogo katika ardhi ya luseni, ile ya kichanga ya juu ya mteremko, hahitaji kufafanuliwa sana udongo maskini ni nini. Tofauti ni kwamba mmea-mtungi huishi katika umaskini huo pamoja na unyevu mwingi wa hewa. Hewa ikikauka, majani yanaweza kuendelea kuota, lakini mitungi haifanyiki. Ncha ya jani hunyauka ikiwa ingali ndogo.

Maandishi ya kwanza ya Mzungu kuhusu mmea huu yalitoka upande wetu wa bahari. Mwaka 1658 Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa koloni la Wafaransa kusini mwa Madagaska, aliueleza katika kitabu chake cha historia ya kisiwa hicho na kuuandika kwa jina la wenyeji, amramatico. Aliongeza kwamba wenyeji walisita kuichuma mitungi hiyo wakiwa njiani, wakisema anayeichuma husababisha mvua siku hiyohiyo. Flacourt alijigamba kwamba yeye na wenzake waliichuma na mvua haikunyesha. Msomaji wa Usukuma, ambako zamani mtemi alihesabiwa kuwa mwenye dhamana ya mvua mbele ya watu wake, huenda akashangaa kwamba yupo mtu anayeikwepa mvua. Lakini jambo linalohusu makala haya ni kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa na ndani yake jina la mmea, mahali pake na maarifa ya watu wake. Vitu hivyo vitatu havikudumu. Mwaka 1737 Linnaeus aliipa jenasi hiyo jina la Nepenthes, kutoka katika utenzi wa Homer ambamo nepenthe ni dawa ya kusahaulisha huzuni. Sayansi ililishika jina hilo, na amramatico likabaki katika kitabu cha Flacourt.

Sanduku la daktari

Nathaniel Bagshaw Ward alikuwa daktari katika eneo la mashariki mwa London, karibu na bandari. Alipenda kangaga, ile mimea isiyotoa maua, lakini moshi wa viwanda uliiua kila alipoipanda. Mwaka 1829 aliweka buu la nondo katika chupa yenye udongo mbichi, akaifunga. Baada ya muda aliona kwamba kangaga na jani la nyasi vimeota ndani ya chupa ile bila kumwagiliwa. Maji yalipanda kama mvuke wakati wa joto, yakaganda kwenye kioo, yakarudi udongoni. Moshi haukuingia, na unyevu haukutoka. Kanuni ya terariamu yote ni hiyo, na haijabadilika hadi leo.

Mwaka 1833 Ward, akishirikiana na bustani ya biashara ya Loddiges iliyokuwa Hackney, alituma masanduku mawili ya mbao na kioo hadi Sydney. Mimea ilifika hai baada ya miezi ya safari juu ya sitaha, na masanduku yaliporudi na mimea ya Australia, nayo ilifika hai. Kabla ya hapo, mimea iliyosafirishwa baharini ilikufa kwa wingi kwa chumvi, upepo na uhaba wa maji matamu. Mwaka 1842 Ward alichapisha kitabu kuhusu ugunduzi wake, na mwaka 1845 Uingereza ilifuta kodi ya vioo. Kioo kikawa rahisi, na sanduku la Ward likaingia katika kumbi za watu wa tabaka la kati kama pambo.

Hapa ndipo mmea-mtungi ulipopata nafasi. Kampuni ya Veitch, iliyokuwa na bustani zake Exeter wakati huo, ilimtuma Thomas Lobb kwenda Asia ya Kusini-Mashariki katika miaka ya 1840, na miongoni mwa vitu alivyoleta ni Nepenthes. Mwaka 1862 mtunza bustani wa kampuni hiyo, John Dominy, alikuwa amefanikiwa kuzalisha chotara wa kwanza wa mimea hiyo. Mwaka 1875 Charles Darwin alichapisha kitabu chake kuhusu mimea walawadudu, na shauku ya umma ikapanda. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba sanduku pekee halikutosha. Lilihifadhi unyevu, lakini halikuzalisha joto. Mimea mikubwa ilikaa katika nyumba za kioo zilizopitishiwa mabomba ya maji ya moto, na maji hayo yalichemshwa kwa makaa ya mawe usiku na mchana kwa miezi mingi ya mwaka. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza na makaa yakawa adimu, makusanyo mengi ya Nepenthes ya Uingereza yalipotea. Kwa maoni ya mwandishi, kupotea huko ni ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu: mmea ule haukuwa umeizoea London hata kidogo, bali ulikuwa ukiishi juu ya makaa.

Inafaa kugusia hapa upande mwingine wa shauku hiyo. Mwaka 1874, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Darwin, gazeti la New York World lilichapisha taarifa ya mti wa Madagaska uliodaiwa kumla mwanamke aliyetolewa kafara na kabila lake. Taarifa yote ilikuwa uzushi: mti haukuwapo, kabila halikuwapo, wala mtaalamu aliyetajwa kuushuhudia. Hata hivyo iliendelea kurudiwa, na mwaka 1924 Mmarekani Chase Osborn aliutaja mti huo katika jina la kitabu chake kuhusu kisiwa hicho. Mmea halisi ulikuwa umekwisha elezwa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Uzushi ulipendwa kwa sababu ulisema kuhusu Waafrika yale ambayo wasomaji walitaka kuyaamini.

Masanduku katika pwani ya Afrika Mashariki

Sanduku la Ward lilikuwa chombo cha dola kabla ya kuwa chombo cha burudani, na halikuacha kuwa hivyo. Mbegu za pamba, mtama au mahindi husafiri zikiwa kavu ndani ya gunia na kufika zikiwa hai. Mbegu za mpira, kwa mfano, hupoteza uhai haraka. Kwa hiyo mwaka 1876, baada ya mbegu za mpira kutolewa Brazili na kuoteshwa katika bustani ya Kew, miche takribani 1,900 ilipelekwa Sri Lanka ndani ya masanduku hayo. Mimea iliyohitaji kioo ilikuwa ile isiyovumilia kukauka.

Zanzibar ilikuwa kituo kimojawapo cha mabadilishano hayo. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa balozi wa Uingereza huko enzi za Sultani Barghash, alipeleka Kew mimea mingi. Mmojawapo alipewa mwaka 1882 jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani, na ukawa chimbuko la maua yanayouzwa leo katika bustani za Ulaya na Marekani kwa wingi mkubwa. Upande wa bara, mwaka 1892 hivi, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya katika eneo la Tanga na Usambara, alipata mmea mdogo wenye maua ya zambarau, akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, aliueleza mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia ionantha. Kampuni ya Ernst Benary ya Erfurt ikauza mbegu zake, na tangu miaka ya 1920 wazalishaji wa California wakatoa aina mpya zilizoufanya uwe miongoni mwa mimea ya ndani mashuhuri zaidi duniani. Ni mmea unaopenda kivuli na unyevu, na aina zake ndogo hufaa sana kwa sanduku la kioo.

Wajerumani wameuita tangu mwanzo urujuani wa Usambara. Waingereza wakaupanua jina kuwa urujuani wa Afrika. Katika jina la kisayansi kuna familia ya mtawala. Msambaa aliyejua ni katika mwamba gani na karibu na kijito gani ua lile liliota hamo katika jina lolote kati ya hayo matatu. Kwa sasa wataalamu wameuhamishia katika jenasi Streptocarpus, tangu mwaka 2015, lakini wauzaji wa maua hawaonekani kujali.

Utawala wa Kijerumani uliupa usafirishaji wa mimea muundo rasmi. Mwaka 1891 ilianzishwa Berlin ofisi kuu ya mimea kwa ajili ya makoloni, iliyopeleka mimea hai Kameruni, Togo na Afrika Mashariki, na mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi ya Amani katika Usambara Mashariki. Mkonge, ulioletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, unaonyesha jinsi safari hizo zilivyokuwa za kubahatisha: kati ya vichipukizi 1,000 vilivyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu vilivyofika vikiwa hai. Kutoka hivyo 62 kulitoka mashamba ya mkonge ya Tanganyika.

Usukuma haukuwa katika ramani hiyo ya masanduku, na sababu yake ni ya kiuchumi. Kilichotakiwa kutoka Mwanza, Maswa na Bariadi kilikuwa pamba, na pamba husafiri kwa gunia. Utafiti uliojengwa huko, hasa Ukiriguru, ulikuwa wa mbegu, wadudu na udongo. Hata Amani ilipoitazama Usukuma, haikuja kutafuta maua. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani chini ya Waingereza, alipendekeza dhana ya katena, yaani mfuatano wa udongo unaojirudia kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, na Usukuma ni miongoni mwa sehemu alizozisoma kwa dhana hiyo. Wasukuma walikuwa na majina ya kila hatua ya mteremko huo, kuanzia luseni hadi ibambasi na udongo mweusi wa mbuga. Majina hayo, tofauti na lile la amramatico, yaliingia katika maandishi ya sayansi na yamedumu.

Kukuza mmea-mtungi Bariadi

Hebu sasa swali la hali ya hewa lipimwe kwa haki. Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 hasa kutoka Shinyanga, hupata mvua ya takribani milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, na kuanzia Juni hadi Septemba hewa ni kavu. Mmea-mtungi ukiwekwa barazani wakati huo hautatoa mitungi. Lakini joto la kutosha lipo mwaka mzima bila makaa, na mwanga upo wa ziada. Kinachokosekana ni unyevu tu, na unyevu ndicho kitu ambacho sanduku la Ward hutoa kwa gharama ndogo kuliko vyote. Mkulima wa London alilazimika kununua unyevu, joto na, siku hizi, mwanga wa taa. Wa Bariadi anahitaji kimoja kati ya vitatu.

Zipo tahadhari ambazo vitabu vya Ulaya havizitilii mkazo. Sanduku lililofungwa likiachwa juani Bariadi litapika kilichomo kwa saa chache. Mahali pake ni kivulini, penye mwanga usio wa moja kwa moja. Maji ya visima, yenye chumvichumvi na madini, huua mizizi polepole, kwa hiyo maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati yanafaa zaidi. Udongo mweusi wa mbuga haufai kabisa, wala samadi: mizizi hutaka kitu chepesi kisicho na rutuba, kama nyuzi za kumbi la nazi zilizooshwa vizuri na kuchanganywa na mchanga mkubwa. Spishi za nyanda za chini ndizo za kujaribiwa. Zile za milimani huhitaji usiku wa baridi ambao chumba cha Bariadi hakiutoi. Wakulima waliowahi kusimama mbele ya vitalu nyumba vya mboga wataitambua kanuni hii, kwa kuwa ni ileile.

Kizuizi halisi cha leo ni upatikanaji. Jenasi yote ya Nepenthes imo katika orodha za mkataba wa CITES, na mmea wowote unaoingizwa nchini huhitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, mambo yanayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mwandishi haoni kwamba masharti hayo ni usumbufu. Wilaya ya Busega inapakana na Ziwa Viktoria, na kila mvuvi huko anajua magugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake, ukaingia ziwani kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 na kuziba mialo. Mmea-mtungi hauna tabia hiyo, lakini mfuko unaoubeba unaweza kubeba vingine.

Kuna pia mmea mwingine wa ndani ambao tayari umeingia katika ofisi na mabenki ya Kanda ya Ziwa ukiwa kwenye vyungu: ule wenye majani manene yanayong'aa, Zamioculcas zamiifolia. Wengi hudhani umetoka Ulaya. Asili yake ni pwani ya Kenya na Tanzania hadi Afrika ya Kusini, na bustani iliyoueleza kwa mara ya kwanza ni Loddiges ya Hackney, mwaka 1829, mwaka uleule wa chupa ya Ward. Ulisubiri zaidi ya karne moja na nusu hadi wazalishaji wa Uholanzi walipoufanya bidhaa katika miaka ya 1990. Umerudi kwetu kwa njia hiyo, ukiwa na bei ya mgeni.

Na kuhusu mwanafunzi tuliyeanza naye, haimlazimu kusubiri kibali. Katika Ziwa Viktoria na mabwawa yanayolizunguka huota Utricularia, mimea myororo isiyo na mizizi, inayoelea chini kidogo ya uso wa maji, yenye vifuko vidogo kama punje za uwele. Kila kifuko kimenyonywa maji nje hadi kuta zake zikabonyea. Kiumbe kidogo cha majini kikigusa vinyweleo vya mlangoni, mlango hufunguka na maji hukivuta ndani kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Huyu naye ni mlawadudu, na ni mwenyeji. Mwalimu wa Bariadi anayemwagiza mtu Lamadi anaweza kuletewa mmea huo katika ndoo, mradi anayeuchukua avae mabuti ya mpira au aufikie kwa mtumbwi na asiingize mikono wala miguu wazi katika maji ya kando, kwa sababu ya kichocho. Hata ndoo ikishafika, maji yake yaachwe siku tatu kabla ya mwanafunzi kuyashika. Baada ya hapo kinachohitajika ni chupa pana ya kioo, maji yaleyale ya ziwa yasiyochujwa ili viumbe wadogo wabakie kuwa chakula, na dirisha lisilopigwa na jua la mchana. Kwa lenzi ya mkono, vifuko vilivyokwisha kula huonekana vyeusi, na vyenye njaa huonekana vyeupe.